Kitunguu Saumu Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kukipanda, Kukivuna na Kukitumia kwa Afya

Majani yanachipua vizuri, yanasimama wima, yanapendeza macho. Miezi mitano baadaye unafukua na kukuta kiduara kimoja, kidogo, kisicho na punje hata moja ndani. Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote kuhusu kitunguu saumu, na karibu kila anayelileta anadhani tatizo lilikuwa mbolea au maji. Mara nyingi halikuwa huko. Mambo yaliharibika kabla punje haijagusa udongo: mbegu haikufaa, au haikupata baridi.

Kosa la pili hutokea jikoni. Mtu anatumbukiza punje nzima kwenye mafuta yanayochemka, kisha anajiambia kwamba amekula dawa. Kuna na kosa baya zaidi ya hilo: kuacha vidonge vya presha alivyoandikiwa na daktari kwa sababu anatafuna kitunguu saumu kila asubuhi. Nitayapitia yote kwa mpangilio, kuanzia mbegu hadi sahani.

## Andaa hivi kwanza

- Vichwa vya kitunguu saumu vya mbegu, vikubwa na vikavu. Kutegemea aina, kichwa kimoja hutoa punje 4 hadi 20.
- Tuta linalopata jua saa 6 au zaidi kwa siku. Kama huna ardhi, chombo chenye kina cha sentimita 25 hadi 30 na matundu chini kinatosha.
- Mboji, au samadi iliyooza kabisa.
- Majani makavu au nyasi za kutandaza.
- Mfuko wa karatasi na nafasi ndogo kwenye friji, ikiwa unaishi mahali pa joto.
- Uma wa bustani au koleo dogo.
- Mahali penye kivuli na upepo kwa ajili ya kukaushia.

Andaa na muda pia. Kitunguu saumu kinachopandwa sehemu zisizo na baridi kali huchukua miezi 4 hadi 6. Kile kinachopandwa kabla ya majira ya baridi kali na kulala ardhini huweza kufika miezi 8 au 9. Kama unataka mboga ya haraka, panda kitu kingine.

## Hatua ya 1: Chagua mbegu

Kitunguu saumu hakipandwi kwa mbegu za kumwaga. Unapanda punje yenyewe, na mmea utakaoota utakuwa sawa na mama yake, pamoja na magonjwa yake. Kwa hiyo uchaguzi wa mbegu ni uamuzi mzito kuliko mwingine wowote utakaoufanya.

Chukua mbegu kwa mkulima wa eneo lenye hali ya hewa kama yako, au kwa muuzaji wa mbegu anayejua zilikotoka. Aina iliyokwisha kuzoea mazingira yako itakusamehe mengi. Aina iliyozoea theluji haitakusamehe ukiipeleka kwenye joto.

Kuna makundi mawili makubwa. La kwanza ni vitunguu saumu vya shingo ngumu: huchomoza kikonyo kigumu cha ua katikati, punje zake ni kubwa na chache, na vinadai baridi ya kutosha. La pili ni vya shingo laini: punje ni nyingi zaidi, vinavumilia maeneo yasiyo na baridi kali, na vinakaa ghalani muda mrefu. Mtu wa mahali pa joto aanze na shingo laini.

Vipi kuhusu vile vilivyonunuliwa kwa ajili ya kupikia? Vinaweza kuota, lakini una hatari mbili. Vingine vimetiwa dawa au kupigwa mionzi ili visichipue, navyo vitakaa ardhini hadi vioze. Vingine vimebeba ugonjwa usioonekana kwa macho. Ukivitumia, uvipande kwenye vyombo, wala si kwenye tuta lako zuri.

Dalili ya mafanikio: kichwa ni kizito mkononi, kigumu ukikibonyeza, hakina ukungu wala madoa laini, na ganda lake halijachanika.

## Hatua ya 2: Kipe baridi

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kitunguu saumu kina saa yake ya ndani. Ili kijue kwamba ni wakati wa kugawanya kichwa kuwa punje, kinahitaji kwanza kupitia kipindi cha baridi, kisha joto lianze kupanda na siku zianze kurefuka. Kisipopata baridi hiyo kinaendelea kutoa majani, na chini kinatunga kile kiduara kimoja kisicho na mgawanyiko. Kiduara hicho huliwa vizuri tu, na ukikipanda tena msimu unaofuata katika hali nzuri kinaweza kukupa kichwa kamili. Lakini sicho ulichokitarajia.

Kama eneo lako lina majira ya baridi halisi, panda mwanzoni mwa baridi na uiachie ardhi ifanye kazi hiyo. Ruka hadi hatua ya 3.

Kama eneo lako ni la joto, tumia friji:

1. Weka vichwa vizima, bila kuvigawa, ndani ya mfuko wa karatasi. Usitumie plastiki iliyofungwa, kwa sababu unyevu utakwama ndani na kuleta ukungu.
2. Viweke kwenye sehemu ya kawaida ya friji, nyuzi joto 4 hadi 10, kwa wiki 6 hadi 8. Usiviweke kwenye sehemu ya kugandisha; vikiganda vinakufa.
3. Kila wiki fungua mfuko uangalie. Chenye ukungu kitupe mara moja.
4. Ukivitoa, uvipande siku hiyo hiyo au kesho yake. Vikikaa tena kwenye joto la chumba, sehemu ya kazi ya baridi inaweza kufutika.

Usifikiri kwamba wiki 8 zikiwa nzuri basi 20 ni bora zaidi. Baridi ikizidi, au ikishuka sana chini ya nyuzi 4 kwa muda mrefu, mmea huchipua ovyo kutoka pembeni na kichwa kinakuja na umbo baya.

Dalili ya mafanikio: ukiikata punje moja kwa urefu unaona katikati kichipukizi cha kijani au manjano kilichoanza kurefuka.

## Hatua ya 3: Panga wakati wa kupanda

Panda mwanzoni mwa kipindi chako cha ubaridi, ili mmea ujenge majani kungali na baridi na ujaze kichwa joto linapopanda. Ukubwa wa kichwa unategemea majani yaliyokuwapo kabla kichwa hakijaanza kujazwa. Anayechelewa kupanda anavuna vidogo hata kama alifanya mengine yote sawasawa.

Karibu na ikweta urefu wa siku haubadiliki kiasi cha kuusaidia mmea. Huko utegemezi wote unabaki kwenye ubaridi wa friji, ubaridi wa miinuko, na aina iliyokwisha kuzoea. Ndiyo maana nimesisitiza mbegu ya eneo linalofanana na lako.

## Hatua ya 4: Tayarisha udongo

Kitunguu saumu kinachukia miguu kulowa. Udongo uwe tifutifu, unaopitisha maji, wenye mboji ya kutosha, na pH (kipimo cha uchachu) kati ya 6 na 7. Kama ni mfinyanzi mzito, inua tuta sentimita 15 hadi 20 na uchanganye mboji nyingi. Kwenye chombo, changanya udongo wa bustani na mboji, na uongeze mchanga kidogo maji yakikawia kushuka.

Samadi mbichi usiitumie. Inaunguza mizizi, na inaleta vijidudu kwenye zao unaloweza kuja kulila bichi.

Usipande mahali palipokuwa na kitunguu maji, liki au kitunguu saumu katika miaka mitatu au minne iliyopita. Magonjwa yao ni ya ukoo mmoja. Kuna kuvu wa uozo mweupe ambaye vidonge vyake vidogo vyeusi huweza kuishi ardhini miaka 20 au zaidi vikisubiri mmea wa ukoo huo. Akishaingia kwenye tuta, kumtoa ni kazi ngumu mno.

Dalili ya mafanikio: mwaga ndoo ya maji kwenye tuta. Yakipotea ndani ya dakika chache bila kuacha dimbwi, udongo uko tayari.

## Hatua ya 5: Panda

Gawa kichwa siku ile ile ya kupanda. Punje iliyotengwa mapema hukauka kitako, na kitako ndicho kinachotoa mizizi.

Chagua punje kubwa tu. Punje kubwa huanza na chakula kingi zaidi na kwa kawaida huzaa kichwa kikubwa. Zile ndogo za katikati zipeleke jikoni. Usimenye ganda. Linailinda punje isioze kabla haijaota.

- Ncha ielekee juu, kitako bapa kiwe chini. Punje iliyopandwa kichwa chini itaota, lakini shingo itajipinda na kichwa kitakuwa na kasoro.
- Kina: ncha iwe sentimita 3 hadi 5 chini ya udongo. Penye baridi kali inayogandisha ardhi, ongeza kidogo.
- Nafasi: sentimita 10 hadi 15 kati ya punje na punje, sentimita 20 hadi 30 kati ya mstari na mstari. Kwenye ndoo yenye kipenyo cha sentimita 30, punje 5 au 6 zinatosha. Ukibananisha 12 utapata vichwa vya ukubwa wa kidole gumba.

Fukia, mwagilia mara moja vizuri, kisha tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hivi. Matandazo yanazuia magugu, yanahifadhi unyevu na yanapoza udongo.

Dalili ya mafanikio: vichipukizi vinaonekana ndani ya wiki 1 hadi 4, kutegemea joto. Baada ya wiki 5 bila kitu, fukua punje moja. Ikiwa imelainika, maji yalizidi. Ikiwa ngumu na haina mizizi, huenda ilitiwa dawa ya kuzuia kuchipua.

## Hatua ya 6: Maji, mbolea na palizi

Mwagilia udongo ukikauka sentimita 2 hadi 3 juu. Ingiza kidole ujue. Kwa tuta la kawaida, kiasi cha milimita 25 kwa wiki pamoja na mvua kinatosha. Vyombo hukauka haraka, viangalie kila siku nyakati za jua kali.

Mbolea yenye naitrojeni iwekwe mapema: mara moja majani yakifika sentimita 15 hivi, na mara nyingine baada ya wiki 3 au 4. Shina likianza kuvimba chini, acha. Naitrojeni ya kuchelewa inaushawishi mmea urudi kuota majani badala ya kujaza kichwa, na punje zinaweza kuchipua zikiwa bado ardhini.

Palilia kwa mkono. Mizizi ya kitunguu saumu iko karibu na juu, na jembe linaikata.

Majani ya manjano yanatisha wengi kabla ya wakati. Ncha zikianza kugeuka manjano mapema, kagua kwanza maji: udongo uliolowa mno ndio sababu ya kawaida. Kama udongo hauna kosa, huenda naitrojeni imepungua. Madoa ya rangi ya chungwa yanayoacha unga kidoleni ni kutu. Ondoa majani yaliyoathirika na umwagilie chini, si juu ya majani. Ukiona utando mweupe kwenye kitako wenye vidoa vyeusi, huo ndio uozo mweupe. Ng'oa mmea pamoja na udongo unaouzunguka, uutupe mbali, wala usiuingize kwenye mboji.

## Hatua ya 7: Kata kikonyo cha ua

Hii ni kwa shingo ngumu tu. Kikonyo kikichomoza na kujikunja mduara mmoja, kikate. Kikiachwa kinakula chakula ambacho kingeenda kwenye kichwa. Kikonyo chenyewe ni kitamu; kikaange kama mboga.

## Hatua ya 8: Soma majani, kisha vuna

Wengine huvuna kwa kalenda. Kalenda inadanganya, majani hayadanganyi.

Kila jani la kijani unaloliona juu linaendelea hadi chini na kuwa tabaka moja la ganda linalofunika kichwa. Majani ya chini yakikauka, maganda ya nje yanaanza kuchakaa. Kwa hiyo unatafuta wakati ambapo theluthi moja hadi nusu ya majani imekauka kuanzia chini, huku matano au sita ya juu yakiwa bado ya kijani. Ukiwahi, punje ni ndogo na ganda ni jembamba, kichwa hakitakaa. Ukichelewa, maganda yanapasuka, punje zinaachana na udongo unaingia katikati.

Acha kumwagilia wiki 2 au 3 kabla ya kuvuna. Kisha chimbua kimoja tu ukikate katikati kwa upana. Punje zikiwa zimejaa na kulibana ganda, endelea na vingine.

Usivute kwa majani. Shingo itakatika na kichwa kitabaki ardhini na jeraha. Chomeka uma sentimita 10 kando ya mmea, nyanyua udongo, kisha kitoe kwa mkono. Kung'uta udongo taratibu bila kukigongesha. Kilichochubuka kinaoza mapema.

## Hatua ya 9: Kausha

Jua kali hukibabua kitunguu saumu kibichi. Maji ya kukiosha hukiozesha. Kwa hiyo usikianike juani na usikioshe, hata kama kina matope.

Kipeleke mahali penye kivuli na upepo pamoja na majani na mizizi yake. Tundika mafungu ya mimea 6 hadi 10, au tandaza safu moja juu ya wavu ili hewa ipite chini pia. Subiri wiki 2 hadi 4. Mahali penye unyevunyevu, washa feni.

Dalili ya mafanikio: shingo imekauka kabisa na haitoi unyevu ukiikata, ganda la nje linachakarika kama karatasi, na mizizi ni migumu. Sasa punguza mizizi na ukate shina sentimita 2 hadi 3 juu ya kichwa. Shingo laini unaweza kuziacha na kuzisuka.

## Hatua ya 10: Hifadhi

Kiweke kwenye mfuko wa wavu au kikapu, mahali pakavu penye kivuli na hewa, nyuzi joto 15 hadi 18 kama zinapatikana. Friji si mahali pake kwa sasa: baridi ile ile uliyoitumia kuamsha mbegu itakiamsha na hiki, na kitachipua.

Tenga vichwa vikubwa kuliko vyote viwe mbegu ya msimu ujao. Najua vinatamanisha. Lakini ukila vikubwa na kupanda vidogo, mavuno yatakuwa yakisinyaa mwaka hadi mwaka.

## Hatua ya 11: Ponda, subiri, ndipo utumie

Punje nzima haina harufu kali. Ndani ya seli zake kuna kitu kiitwacho aliini, na mahali pengine pa seli hizo kuna kimeng'enya (kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho aliinasi. Punje ikipondwa kuta zinavunjika, viwili hivyo vinakutana, na kinazaliwa alisini. Alisini ndiye mwenye ile harufu na ule ukali, na sehemu kubwa ya sifa za kitunguu saumu inatokana naye na vitu vinavyotokana naye.

Moto unakiua kimeng'enya. Katika jaribio kwa panya lililochapishwa mwaka 2001, sekunde 60 za maikrowevu zilitosha kukimaliza, lakini kitunguu saumu kilichopondwa na kuachwa dakika 10 kabla ya kuingia motoni kilihifadhi sehemu ya nguvu zake. Kwa hiyo:

1. Menya, kisha ponda au katakata vidogo kabisa.
2. Kiache dakika 10 kwenye ubao.
3. Kama unapika, kitie dakika za mwisho. Kama unakula kibichi, kichanganye na chakula mara moja, maana alisini hadumu.
4. Limau au siki vije baada ya dakika hizo 10. Uchachu mkali unakizuia kimeng'enya kufanya kazi.

Kumeza punje nzima kama kidonge hakusaidii sana. Haikupondwa, na asidi ya tumbo inakizuia kimeng'enya hicho hicho.

Kuhusu kiasi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mimea dawa uliotolewa mwaka 1999 unataja gramu 2 hadi 5 za kitunguu saumu kibichi kwa siku kwa mtu mzima. Hiyo ni takriban punje moja ya wastani. Usile ukiwa na tumbo tupu kama una vidonda vya tumbo au kiungulia, kitakuunguza.

## Kinachojulikana na kisichothibitishwa

Shinikizo la damu. Huu ndio ushahidi wenye nguvu zaidi. Majaribio yakijumlishwa, kwa watu ambao tayari wana presha namba ya juu imeshuka kwa wastani wa takriban 8. Ni msaada wa kweli, lakini mengi ya majaribio hayo yalitumia vidonge vilivyotengenezwa kwa kiwango maalumu, si punje ya jikoni, na hayakuwa ruhusa ya kuacha matibabu. Mtu mwenye 180 kwa 110 anayeacha dawa anacheza na kiharusi.

Lehemu (kolesteroli). Hapa matokeo yanapingana. Majumuisho mengine yanaonyesha kushuka kidogo. Lakini jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford la mwaka 2007 liliwapa watu wazima 192 kitunguu saumu kibichi, vidonge vya aina mbili au vidonge visivyo na kitu, siku 6 kwa wiki kwa miezi 6. Lehemu mbaya haikushuka katika kundi lolote.

Mafua. Jaribio moja la watu 146 kwa wiki 12 lilipata mafua 24 kwa waliotumia vidonge vya kitunguu saumu, dhidi ya 65 kwa wasiotumia. Inavutia, ila jaribio moja halitoshi kuhukumu. Na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba hakuna ushahidi kuwa kula kitunguu saumu kunamkinga mtu na virusi vipya vya korona.

Kwa saratani, kisukari, malaria au VVU, usimwache mtu yeyote akuambie kwamba kitunguu saumu kinachukua nafasi ya hospitali.

## Nani awe mwangalifu

Kama unatumia warfarin, aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, zungumza na daktari kabla ya kuanza kula kitunguu saumu kibichi kila siku au vidonge vyake. Chenyewe pia hupunguza kuganda kwa damu. Kama una upasuaji, vidonge vyake viachwe angalau siku 7 kabla, na daktari wako ajulishwe.

Kama unatumia dawa za VVU, uliza kwanza. Utafiti uliofanywa Marekani ulikuta kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kiwango cha dawa ya saquinavir kwenye damu kwa takriban nusu. Dawa ikipungua kiasi hicho, virusi hupata nafasi ya kujijengea usugu.

Mjamzito anaweza kuendelea na kiasi cha kawaida cha kwenye chakula. Vidonge ni suala la kumuuliza mkunga au daktari.

Usikifunge kibichi kwenye ngozi. Watu wamepata majeraha ya kuungua, hasa watoto, kwa kubandikwa kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa bendeji. Usikiweke sikioni wala sehemu za siri kwa sababu hiyo hiyo.

Mbwa na paka wasipewe. Kinaharibu chembe nyekundu za damu yao.

## Kitunguu saumu kwenye mafuta: onyo la pekee

Hili naliandika kwa msisitizo kwa sababu ni tabia ya watu wengi: punje zilizomenywa ndani ya chupa ya mafuta, juu ya rafu, kwa wiki nzima au zaidi.

Kitunguu saumu hutoka ardhini, na udongo una mbegu za bakteria wa botulizimu. Juu ya rafu penye hewa hawana madhara. Ndani ya mafuta hakuna hewa, uchachu ni mdogo, na joto la chumba linawatosha kuamka na kutengeneza sumu inayopooza mwili. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kutokana na kitunguu saumu kilichokatwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta bila ubaridi. Sumu hiyo haina dalili unayoweza kuitegemea: chakula kinaweza kunuka vizuri na kuwa na ladha ile ile.

Ukitaka mafuta ya kitunguu saumu, tengeneza kidogo, yaweke kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini yake, uyamalize ndani ya siku 4. Kinachobaki kimwagwe. Kwa akiba ya muda mrefu, kigandishe kwenye trei ya barafu, tonge kwa tonge.

Ukikichanganya na asali, kuna tahadhari yake: mtoto wa chini ya miezi 12 asipewe mchanganyiko wowote wenye asali. Kwenye siki kali unaweza kukuta punje zimegeuka kijani au buluu. Hiyo ni kemia ya kitunguu saumu yenyewe, na haina madhara.

## Harufu ya mdomo

Kupiga mswaki peke yake hakuitoi, kwa sababu sehemu yake inaingia kwenye damu na kutokea mapafuni kwa saa kadhaa. Tofaa bichi, majani ya mnanaa au maziwa huipunguza, na hufanya kazi vizuri zaidi yakiliwa au kunywewa pamoja na mlo wenyewe kuliko baadaye.